Sanduku Moja Si Mtu Mmoja

Nyinyi mliobaki ofisini mliniomba, kabla sijarudisha funguo, niandike japo kurasa chache za namna tulivyoianzisha serikali ya wanafunzi na gazeti lao. Mliniomba kwa adabu, nikakubali kwa adabu, kisha nikakaa nyumbani Michenzani wiki tatu nikifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Leo mapazia yamekwisha. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alikalia kiti changu nikiwa likizo. Hayo yamo kwenye faili, na anayeyataka ayafuate huko huko vumbini. Nitaandika ya kazi. Na kwa kuwa ndani ya kazi hiyo mna kosa langu moja kubwa, nitaliandika nalo, maana najua mkishakunywa chai ya saa nne huwa mnalisimulia, na mnalisimulia vibaya.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya themanini. Chuo mnachokiita leo chuo cha mtandaoni kilikuwa wakati huo ni masomo kwa posta, basi. Ofisi ilikuwa juu, katika nyumba kongwe ya Mkunazini, ngazi zake za mbao zimeliwa katikati kwa kukanyagwa, na chini yake alikaa fundi viatu aliyekuwa akigonga nyundo kutwa, hata ukiumwa na kichwa hujui umeumwa na kichwa au na fundi. Mwanafunzi alijiandikisha kwa barua, akapelekewa somo kwa barua, akajibu kwa barua, akasahihishwa kwa wino mwekundu na kurudishiwa. Mtu aliweza kusoma miaka minne asimwone mwalimu wake hata unyayo. Nasi tukiulizwa chuo kiko wapi, tunaonyesha kabati.

Siku ya mwanzo nilikabidhiwa kwa Bwana Seif, karani wa barua. Alikuwa mtu wa mji, mwembamba, kofia yake ya kufuma haikupata kukaa upande hata siku moja. Wazee wake walikuwa na mashamba ya karafuu kabla mambo hayajageuka. Yeye hakuyalilia. Alikuwa akisema, "Babu alikuwa na mikarafuu, mie nna stempu," kisha anailamba stempu yake na kuibandika sawasawa pembeni mwa bahasha, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Alinipa daftari kubwa la majina ya wanafunzi, kila jina na anwani yake, akanambia nilipitie nijue tunafanya kazi na nani.

Nikalipitia. Nilikuwa msichana mwenye bidii, na bidii bila ya akili ni balaa. Nikafika ukurasa wa watu wa kijiji cha Kiwengwa, nikaona majina kumi na moja yote yana sanduku moja la posta, nambari ile ile. Nikajiambia, alaa! Huyu ni mtu mmoja, kajiandikisha mara kumi na moja apate vitabu vya kuuza. Nikachukua rula na kalamu, nikawapiga mstari kumi, nikamwacha mmoja. Nikajiona hodari.

Bwana Seif alipokuja kuangalia hakupiga kelele. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Binti," akasema, "saa nne bado haijafika, na wewe ushaua watu kumi."

"Lakini sanduku lao ni moja, Bwana Seif."

"Ni la skuli. Kiwengwa nzima haina sanduku jingine. Mwalimu mkuu akija mjini anachukua barua zote, anakwenda nazo, zinasomwa majina Ijumaa watu wakitoka msikitini. Ndani ya sanduku lile mna mama wa watoto sita, mna mpishi, mna muazini. Sanduku moja si mtu mmoja. Haya, kaa uwafufue."

Nikakaa nikawafufua. Alinifanya niandike majina yote kumi upya, kila moja katika mstari wake, kwa mkono, na mwandiko ukinikaa ovyo anafuta anasema tena. Mchana ulikwisha. Niliporudi nyumbani mama akaniuliza nimefanya kazi gani siku ya kwanza, nikamjibu nimeandika majina. Akasema kuandika majina tu, hilo hata asiyesoma sana anaweza.

Miaka ile ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kufungua barua za wanafunzi na kuzipeleka kwa walimu. Ndipo nilipogundua kwamba nusu ya barua hazikuwa na masomo. Watu waliandika jibu la hesabu, halafu chini yake wakaongeza mstari. Mmoja akauliza kama mjini mvua imenyesha. Mmoja akaeleza kwamba mumewe anaficha taa. Na mmoja, mtu wa Makunduchi, aliandika kwa herufi kubwa: "Naomba kujua, mimi nasoma peke yangu au kuna wengine?" Nilimpelekea Bwana Seif barua ile. Aliisoma, akaiweka, akaichukua tena.

"Huyu anadhani sisi tumemfungulia chuo yeye tu," akasema. "Mwonyesheni wenziwe."

Hivyo ndivyo gazeti lilivyozaliwa. Tuliliita *Jirani*, na toleo la mwanzo lilikuwa karatasi mbili. Nyinyi mnaobonyeza kitufe mkasema "tumetoa" hamjui taabu ya stensili. Unatoa utepe kwenye taipureta, unapiga herufi juu ya karatasi ya nta, ukikosea unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unasubiri ikauke ukiipepea kwa kipepeo cha ukili. Kisha unaifunga kwenye mashine na kuzungusha mkono. Wino ulikuwa unaingia kwenye kucha, kwenye buibui, mpaka kwenye mkate. Ukurasa wa mbele haukuwa na habari kabisa. Ulikuwa na majina ya wanafunzi wote na wanakokaa. Hiyo tu. Na sijapata kuona gazeti lililosomwa vile. Watu waliandikiana. Mtu wa Makunduchi alijua kuna mwenziwe mtaa wa pili, wakawa wanasoma pamoja. Wawili wengine wakaoana, na mwalimu wao wa hesabu alilalamika kwamba tangu hapo majibu yao yanafanana.

Gazeti likishakuwapo watu wanapata sauti, na wakipata sauti wanataka serikali. Wakatuandikia wanataka rais wao, na makamu, na katibu, wa kuwasemea kwa wakubwa. Tukafanya uchaguzi kwa posta. Karatasi za kura zilikwenda na kurudi miezi mitatu, nyingine zimekuja na madoa ya samli. Tulipotangaza matokeo rais alikuwa keshahamia Maskati kwa mumewe, na makamu alituandikia kuuliza ni nani aliyelipeleka jina lake. Tukabaki na katibu. Serikali ya kwanza ya wanafunzi wa chuo hiki ilikuwa mtu mmoja na muhuri. Lakini yule katibu alifanya kazi, Mungu ampe kheri. Aliandika kwenye *Jirani* kwamba mwalimu fulani anakaa na majibu ya watu miezi saba ndipo anayarudisha, na akataja somo lenyewe.

Mwalimu yule alipanda ngazi zetu mbili mbili. Alitaka kujua ni nani aliyeruhusu maneno yale yachapwe. Bwana Seif akamkaribisha kiti, akamtilia kahawa, akamwambia, "Mwalimu, sisi hapa ni posta. Posta haifungui barua ya mtu ikachagua maneno. Inapeleka." Mwalimu akanywa kahawa yake, akaondoka hakuaga, na majibu yakaanza kurudi kwa mwezi mmoja. Baada ya siku ile tukaiandika iwe kanuni: mlezi wa wanafunzi, yaani mimi, kazi yake ni kulipeleka gazeti kwa watu. Hachagui lipi litoke na lipi lisitoke. Nilikuwa nikiisema kanuni ile kwa kila mhariri mpya hata kabla sijamkaribisha kiti.

Bwana Seif alifariki kompyuta ya mwanzo ikiwa bado imo ndani ya boksi lake, hatujapata mtu wa kuja kuifunga. Daftari lake alikuwa ameniachia. Nililiweka droo ya chini, na kwa muda mrefu sikulifungua, kwa sababu kompyuta ilipofungwa majina yote yaliingia humo, nami nikajiona nimeelimika.

Ikaja miaka ya elfu mbili, ukaja mtandao. Chuo kikabadili jina, masomo yakaanza kwenda kwa barua pepe, na kaunta za mtandao zikafunguka mjini kila uchochoro. Wanafunzi wakawa na ukumbi wao wa kuzungumza mtandaoni, tukauita Baraza. Ulikuwa baraza kweli kweli, maana mtu akiingia hakosi kusengenywa. *Jirani* likaacha wino, likawa linaandikwa kwenye kompyuta na kupelekwa kwa wote kwa pamoja. Orodha ya anwani zote ilikuwa kwangu, na neno la siri la kuifungulia ninalo mimi peke yangu.

Mhariri wa wakati huo alikuwa Gaudensia. Wengi wenu mmemkuta. Wazazi wake walikuja kutoka bara kuchuma karafuu wakalowea, yeye akazaliwa hapa, akakulia hapa, na alikuwa akiuza mitumba soko la Mwanakwerekwe. Alisoma kitabu huku amekaa juu ya robota la nguo. Mtu akimwomba apunguze bei anamjibu bila ya kuinua macho. Kalamu yake ilikuwa kama ulimi wake, na ulimi wake ulikuwa maarufu.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Ulikuwa uchaguzi wa mwanzo kufanywa kwa mtandao. Waliogombea urais ni wawili. Mmoja Salim, kijana wa Shangani, mpole, mwenye maneno mazuri, aliyekuwa anataka wanafunzi wapate vitambulisho na sherehe ya pamoja. Mwingine Mize Makame wa Kiwengwa, mama mtu mzima, mkulima wa mwani. Mize alianza kusoma enzi za posta, akaacha kwa uzazi, akarudi. Yeye alitaka jambo moja tu: mitihani na mijadala ya Baraza isiwekwe asubuhi za bamvua. Nyinyi wa mjini mtacheka. Siku za bamvua maji yakitoka sana ndipo wanawake wa mwani wanapoingia baharini kufunga na kuvuna, na ofisi yetu, kila mara, kwa bahati mbaya tu, ilikuwa ikiweka mtihani saa tatu asubuhi ya siku hizo hizo. Wanawake wa mashamba walikuwa wanafeli na wao maji yako kiunoni. Mize akishinda, jambo hilo lingefika mezani kwa wakubwa. Akishindwa, lingebaki kwenye Baraza.

Kura ilipigwa kwa kutuandikia barua pepe: jina, nambari ya mwanafunzi, na unayemtaka. Mimi ndiye niliyeandika kanuni, na nilijitahidi iwe fupi: anwani moja, kura moja. Niliogopa udanganyifu. Watu walikuwa wanasema kwenye mtandao mtu anaweza kujifanya watu mia.

Siku ya kura, baina ya saa nane na saa tisa mchana, zikaingia kura kumi na tisa kutoka anwani moja iliyoanza na neno kiwengwa. Zote maneno mamoja: naitwa fulani, nambari yangu hii, nampa Mize. Nikajiambia, alaa! Sikuangalia majina. Sikumpigia simu mtu. Nikahesabu moja, kumi na nane nikazifuta. Salim akashinda kwa kura kumi na mbili, nikatangaza jioni ile ile, na chini ya matokeo nikaongeza, kwa fahari, kwamba kura kumi na nane za udanganyifu kutoka Kiwengwa zimeondolewa.

Gaudensia alikuja ofisini baada ya wiki. Hakukaa.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba. Mbona umesimama?"

"Nimetoka Kiwengwa. Nimewaona wale wadanganyifu wako." Akatoa karatasi. "Kumi na tisa. Wana miguu, wana watoto, na nambari zao zote ni za kweli, mimi nimezilinganisha moja moja. Kule hakuna kaunta ya mtandao. Mpwa wake Mize anafanya kazi mapokezi ya hoteli, amepewa ruhusa ya saa moja wageni wakilala mchana. Akafungua anwani moja ya kijiji, wao wakatoka mwanini, wakapanga foleni kwa mlango wa nyuma na nguo zao mbichi. Kila mmoja anasema, mpwa anaandika. Habari yake hii hapa. Ukurasa wa mbele."

Nilisoma kichwa cha habari. Kilisema: "Mlezi Afuta Watu Kumi na Nane." Jina langu lilikuwa mstari wa kwanza.

Mkurugenzi wetu alikuwa ameshasikia, na aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango, akasema, "Bi Zena, jambo hili tulimalize ndani kwa ndani. Chuo ndo kwanza kinaanza mtandao. Wakisikia tumekosea hesabu ya kura, nani atatuamini na mitihani? Gazeti litoke, lakini ukurasa ule usiwemo. Nakulinda wewe."

Nami nilitaka kulindwa, wallahi. Nilikuwa na miaka karibu ishirini katika kazi ile, jina langu lilikuwa safi, na sikutaka kuonekana mjinga mbele ya watoto niliowalea. Nikamwambia Gaudensia asubiri kidogo, tunalitazama.

"Posta haifungui barua, Bi Zena," akanijibu. "Ulinambia mwenyewe siku ya mwanzo, hata kiti hujanipa." Akajifunga kanga yake akaenda zake sokoni.

Siku tatu nilikaa na gazeti lile ndani ya kompyuta. Neno la siri lilikuwa kwangu. Siku ya nne nikasema potelea mbali, nikaenda Kiwengwa mwenyewe.

Nilimkuta Mize nyuma ya nyumba yake anageuza mwani juani. Tulikuwa hatujapata kuonana hata siku moja, na tumeandikiana miaka. Nilipojitaja aliniangalia juu chini, akacheka.

"Shikamoo, Bi Zena! Mie nkidhani u mrefu. Mwandiko wako mrefu."

"Marahaba, Mize. Nimekuja kwa lile jambo."

"Karibu ukae. Jua kali." Akanipa kigoda, akaendelea kugeuza mwani wake. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Nikamweleza kanuni, nikamweleza udanganyifu, nikamweleza kompyuta. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mie nna swali moja tu," akasema. "Zamani, sanduku letu la skuli, barua zako zilikuwa zikija kumi, kumi na tano kwa mara moja. Kila moja ina jina lake juu. Makame haipati ya Haji, Haji haipati ya Pili. Mwalimu anasoma majina, kila mtu anaitika naam, anachukua yake. Ndo maana sisi tulipofungua anwani moja hatukuwa na wasiwasi. Tulisema, watu wa ofisi ile wanatujua, wao washazoea sanduku letu. Kwani mlitusahau lini?"

Masikio yalinichoma kwa haya. Nilimwona Bwana Seif anaipangusa miwani yake. Nilikuwa nimefundishwa somo moja tu siku yangu ya kwanza, moja, na nilifundishwa kwa kijiji hiki hiki. Nilipopewa kompyuta nikalitupa. Nilikaa juu ya kile kigoda machozi yananitoka, mwanamke mzima, na Mize akajifanya anatafuta kitu ndani ya mwani, Mungu amsitiri.

"Sasa unataka nini, Mize? Urais?"

"Urais nautaka, kwa nini nisiutake? Nliuomba." Akasimama. "Lakini kwanza wataje. Wenzangu wanapita njiani wanaambiwa wezi wa kura. Kuna mama mmoja mumewe kamuuliza ni nani aliyemlipa. Wataje kwa majina, gazetini, kumi na tisa wote. Kisha ndo tuzungumze urais."

Nilirudi mjini mchana ule ule, nikapanda ngazi na viatu vina mchanga. Nikatoa daftari la Bwana Seif kwenye droo ya chini. Nikafungua zile kura nilizozifuta, maana kwenye kompyuta kitu kilichofutwa huwa bado kinakaa pembeni kinakutazama, na nikaandika majina yote kumi na tisa, kila moja katika mstari wake, kwa mkono. Kisha nikaipiga orodha ile kwenye kompyuta na kumpelekea Gaudensia, nikamwomba aiweke chini ya habari yake kama atapenda. Sikugusa neno lake hata moja. Alipoirudisha, nikaandika neno la siri, *Jirani* likaenda kwa wanafunzi wote, na jina langu mstari wa kwanza.

Mkurugenzi alininunia siku tatu, hata salamu hakujibu. Siku ya nne akaniuliza kama naweza kumtolea nakala. Salim, yule kijana wa Shangani, aliandika mwenyewe kwenye Baraza kwamba kura za watu zihesabiwe na yeye hataki kiti cha wizi. Mama yake alimlea vizuri. Zikahesabiwa. Mize akashinda kwa sita, na tangu hapo mpaka naondoka hakuna mtihani uliowekwa asubuhi ya bamvua. Kalenda ile mnayoiona ukutani, yenye alama za maji kutoka na kujaa, mgeni akiuliza ni ya nini katika ofisi ya chuo, sasa mna la kumjibu.

Lakini Mize hakuwa amemaliza na mimi. Kikao chake cha kwanza, mezani akaleta jambo: katiba yetu ya wanafunzi, niliyosaidia kuiandika mwenyewe, inasema mlezi anakaa kwa ridhaa ya wanafunzi. Basi waulizwe. Bi Zena abaki au aondoke? Aliniandikia kwanza, kistaarabu: "Bi Zena, usinione mbaya. Kosa lilikuwa la hadharani, na msamaha nao uwe hadharani. Au usiwe." Nilimjibu kwamba ni haki yake. Kisha nikaenda chooni nikafungua bomba lisikike, nikalia. Kazi ile ndiyo niliyoijua. Sikuwa na nyingine.

Kanuni ya kura safari hii waliiandika wao: nambari ya mwanafunzi ndiyo kura, anwani iwe yoyote. Gaudensia akaja kuhesabu. Tukakubaliana yeye asome, mimi niandike kwenye daftari la Bwana Seif, kwa sababu nilimwambia sitaki tena kuhesabu mtu nisiyemwandika. Kutwa nzima zilikuja, abaki, aondoke, abaki, abaki. Hata adhuhuri ilipopita sikuwa najua niko upande gani wa mlango.

Saa nane na nusu ikafunguka ile anwani iliyoanza na neno kiwengwa. Kumi na tisa.

"Naitwa Mize Makame," Gaudensia akasoma, "nambari yangu hii, Bi Zena abaki." Nikaandika. Akasoma wa pili, abaki. Wa tatu, abaki. Maneno mamoja, uandishi wa mpwa yule yule. Mkono wangu ulianza kupata nguvu. Tukafika wa kumi na mbili, Gaudensia akainua macho.

"Soma," nikamwambia.

"Bi Zena..."

"Wewe ni posta. Soma."

"Naitwa Pili Vuai, nambari yangu hii, Bi Zena aondoke. Mimi sijamsamehe. Kura yangu ilikuwa ya kwanza maishani."

Foleni moja, mlango mmoja wa nyuma, anwani moja, na wenziwe wote wamesimama nyuma yake wanamsikia akisema. Niliandika jina lake katika mstari wake, kwenye ukurasa wa Kiwengwa, taratibu, mwandiko mzuri, na mbele yake nikaandika: aondoke. Halafu nikaweka kalamu chini, nikacheka mpaka Gaudensia akaniletea maji.

Nilibaki. Zilizosema nibaki zilikuwa nyingi kuliko zilizosema niondoke, na nilikaa mpaka mwezi uliopita. Daftari lipo droo ya chini, nimewaachia. Atakayechukua kazi yangu alifungue siku ya kwanza, kabla ya kuwasha kompyuta, atafute ukurasa wa Kiwengwa, amsome Pili.